Maji ya Ijumaa

Jumbe Maftaha alikuwa na jibu kwa kila swali kabla halijaulizwa, na hilo ndilo lililomtia Sajini Leonadi wasiwasi tangu mwanzo.

Walikuwa wamesimama kando ya kisima cha Mtomondoni, asubuhi ya Jumatatu, jua limeshaanza kuchoma visogo. Leonadi alitoka Lindi alfajiri kwa Landrova ya polisi, akiendeshwa na Konstebo Modesti, kuja kupeleleza kifo cha mkulima mmoja aitwaye Tawakali, aliyekutwa Jumamosi akielea ndani ya kisima hicho. Kupeleleza, ndivyo ilivyosemwa. Bwana Mkubwa wa polisi, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alimweleza kwa namna nyingine kabisa: "Nenda, sikiliza, rudi kabla ya jioni. Gavana anakuja kutembelea pwani hii. Sitaki tupokee wageni kwa habari za maiti."

"Alikuja kuchota maji baada ya isha, Alhamisi," alisema Jumbe. "Giza, mawe yana utelezi. Akateleza akatumbukia. Tumeshamzika. Mungu amrehemu."

Jumbe alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi juu yake. Nyuma yake alisimama tarishi wake, Yahya, kijana mwenye kifua kipana na kaptula ya kaki, ambaye ndiye aliyekuwa akipeleka amri za Jumbe nyumba hadi nyumba. Tangu wafike pale, Yahya alitazama minazi, alitazama njia, alitazama viatu vya Sajini. Kisima hakukitazama.

Leonadi alikizunguka kisima taratibu. Kilijengewa ukuta wa mawe ya matumbawe, nao ulimfika kiunoni. Akauegemea, akachungulia chini. Maji yalikuwa meusi na yametulia.

"Utelezi wa hapa ni wa ajabu, Jumbe," alisema. "Kwanza humpandisha mtu juu ya ukuta, halafu ndipo humwangusha ndani."

Jumbe alitabasamu. "Labda aliukalia, Sajini. Watu huukalia."

"Ndoo yake iko wapi?"

Jumbe alimpa Yahya ishara ya kidevu. Yahya akaenda mbio barazani, akarudi na debe lenye mpini wa mti. "Ilikutwa humo humo, afande."

Leonadi alilipokea, akaligeuza juani. Ndani yake, chini kabisa na pembeni, kulikuwa na ukoko wa chokaa, mweupe na mkavu. Alipitisha ukucha, chokaa ikamomonyoka kama unga. Debe lililolala majini tangu Alhamisi hadi Jumamosi lisingebaki na chokaa ya namna ile. Aliinua macho akaitazama nyumba ya baraza upande wa pili wa uwanja. Kuta zake zilikuwa zimetoka kupakwa chokaa, tayari kwa ziara ya Gavana.

Alilikabidhi debe kwa Modesti, akamwambia alifunge nyuma ya gari.

"Marehemu alikuwa amevaa nini?"

Kwa mara ya kwanza Jumbe alikosa jibu la tayari. "Hilo sikuliangalia. Aliyemtoa ni shemeji yake, Bakary, kaka wa mkewe." Kisha akasogea karibu na kupunguza sauti. "Na kama wewe huoni kuwa ni ajali, basi mtazame huyo huyo Bakary. Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa minazi. Nimewasuluhisha mpaka nimechoka."

Leonadi alishukuru kwa adabu. Katika kazi yake alikuwa amekutana na watu wengi wenye hadithi moja ya uongo. Mtu mwenye hadithi mbili, na anayekubali kuitupa ya kwanza upesi namna ile, alikuwa anastahili kuangaliwa zaidi.

Bakary walimkuta nyumbani kwake akisuka makuti ya kuezekea, mtu mrefu, mkavu, mwenye hasira iliyomkaa machoni. Aliwapa vigoda bila kuwakaribisha.

"Jumbe kakwambia ni mimi," alisema.

"Kaniambia mligombana."

"Tuligombana. Mpaka ulikuwa kama alivyosema Tawakali, mimi ndiye niliyekosea, na nilikuwa nimeshamwambia hivyo. Muulize dada yangu."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kilangala, kwa baba mkwe. Nilikwenda kumpalilia shamba, mzee mgongo unamsumbua. Nimerudi alfajiri ya Jumamosi, nikapita kisimani moja kwa moja nipate maji ya kutawadha."

Leonadi alimtazama Modesti. Konstebo akaelewa, akainuka, na muda mfupi baadaye Landrova ikasikika ikishika njia ya Kilangala.

"Kisimani ulimkuta nani?"

"Sikumkuta mtu. Nilishangaa. Alfajiri wanawake hujaa pale mpaka husikii adhana. Nilitumbukiza ndoo, haikuzama. Ikakaa juu ya kitu." Bakary aliuacha ukuti. "Nilidhani ni mbuzi."

"Alivaa nini?"

"Kanzu yake ya Idi. Ile aliyokwenda nayo barazani Alhamisi mchana."

"Wewe ukienda kuchota maji usiku, huvaa kanzu ya Idi?"

Bakary aliuokota tena ukuti wake.

"Nani aliyemwosha?"

"Mimi na mwalimu wa chuo cha Kurani."

"Mliona nini?"

Kuku alipita katikati yao akichakura. "Kisogo kilikuwa kimebonyea," alisema Bakary mwishowe. "Mwalimu akanitazama, nami nikamtazama. Tukaendelea kumwaga maji."

"Na hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani, afande? Jumbe? Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, anayekuja hapa kunywa chai na Jumbe? Nikwambie wewe, unayelipwa na Bwana Shauri?" Sauti yake haikupanda, ilikuwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo mpaka likamwishia ladha. "Usinichukulie vibaya. Mwingereza alipomtoa Mjerumani, baba yangu aliambiwa sasa mambo yatakwenda kwa haki. Kafa anasubiri. Sasa wanapita vijana wa chama, nao wanatuambia hayo hayo. Mimi nimeshaacha kusikiliza. Wakubwa wanabadilishana viti, sisi tunabaki na majembe yetu. Tawakali nilimwambia, bwana wee, siasa ina wenyewe, lima muhogo wako ulee watoto. Hakusikia."

"Barazani alisema nini?"

"Hakusema. Aliuliza. Bwana Shauri alikuwapo, ndiyo ikawa balaa. Unajua shamba la njaa? Kila mwenye nguvu hapa hupelekwa kulima muhogo wa serikali, uwekwe ghalani, mvua zikikosekana tugawiwe. Mwaka huu mvua zilikosekana, tukaenda ghalani, ghala tupu. Niliyokuja kuyasikia ni kwamba Tawakali alisimama na kanzu yake, akamwamkia Bwana Shauri, akauliza muhogo tuliolima umekwenda wapi. Basi. Na Bwana Shauri akamgeukia Jumbe, akasema, Jumbe atakujibu."

"Watu walifanya nini?"

"Kwani watu hufanya nini? Walitazama miguu yao."

Modesti alirudi kabla ya adhuhuri. Baba mkwe wa Bakary, pamoja na majirani zake, walikuwa wamethibitisha: Bakary hakutoka Kilangala hadi usiku wa kuamkia Jumamosi. Mkono wa Jumbe uliokuwa umenyooshwa kumwonyesha Leonadi njia ulikuwa umemwelekeza porini. Akaamua kwenda nyumbani kwa marehemu.

Siti, mjane, alikuwa edani. Aliketi chumbani nyuma ya pazia la kanga, na aliyempokea Leonadi ukumbini alikuwa shangazi wa Siti, Bi Kazija, mama mzee mfupi ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya kisima. Leonadi alikuwa mtu wa bara, Mmakonde na Mkristo, lakini alikuwa ameishi pwani muda wa kutosha kujua mahali pa kuvulia viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

Aliuliza alichopaswa kuuliza, na akapewa jibu alilokuwa ameshalisikia kwa Jumbe, kwa muuza duka na kwa mwalimu wa chuo aliyekutana naye njiani: alitoka kuchota maji baada ya isha, giza, mawe yana utelezi. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama sala iliyokaririwa. Hata pumzi walivuta mahali pamoja.

Hakubishana nayo. Alijifuta jasho akaomba maji ya kunywa.

Bi Kazija alichota mtungini kwa kata akammiminia kikombeni. Leonadi alikunywa funda moja, akasita. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na ladha ya mizizi.

"Haya ni ya kisima chenu, bibi?"

"Astaghfirullah. Kisima kimekaa maiti, nani atakinywa? Haya ni ya chemchemi ya Mkoe, huko nyuma ya kilima. Miguu imetuisha."

"Poleni. Mmeanza lini kwenda Mkoe?"

"Tangu Ijumaa asubuhi," alisema Bi Kazija, akijaza kata tena.

Mkono wake ukasimama hewani. Maji yakadondoka juu ya mkeka.

Leonadi alikiweka kikombe chake chini taratibu. Sasa alielewa kwa nini Bakary alikuta kisima kitupu. Kijiji kizima kilikuwa kimefundishwa cha kusema juu ya Alhamisi usiku, na kilikuwa kimekariri vizuri. Hakuna aliyekumbuka kuwafundisha uongo juu ya maji ya Ijumaa. Mtu pekee aliyekwenda kuchota pale alikuwa yule ambaye hakuwapo, na kwa hiyo hakujua.

"Bi Kazija," alisema, "maiti iligunduliwa Jumamosi."

Bibi alitazama mlango. Hakukuwa na mtu.

"Mwambie, shangazi," ilisema sauti nyuma ya pazia.

"Siti, nyamaza. Una watoto."

"Basi nitamwambia mimi." Kanga ilitikisika kidogo, kama aliye nyuma yake amejisogeza karibu. "Hakwenda kuchota maji. Toka tuoane hajapata kuchota maji. Yahya alikuja baada ya magharibi, akasema Jumbe anakuita, anataka kukujibu lile swali lako. Mume wangu alikuwa ameshavua kanzu. Akaivaa tena. Alifurahi, afande. Aliniambia, unaona, watu hawa ukiwauliza kwa adabu hujibu. Ndivyo alivyotoka hapa. Amefurahi."

Bi Kazija alikuwa ameketi chini, mikono juu ya magoti. Alianza kusema bila kuulizwa, kwa sauti ndogo. Alikuwa uani akianua nguo. Aliwasikia watu wawili wakija kwa njia ya kisimani, mmoja akisema tusimame hapa, Jumbe anakuja sasa hivi. Alichungulia kwenye ua. Aliona kanzu nyeupe, na Yahya nyuma yake na rungu lake la utarishi. Alisikia kishindo kimoja tu, halafu kishindo cha majini. Halafu Yahya akaketi chini, kichwa baina ya magoti, akakaa sana.

"Asubuhi nilimwambia jirani yangu asichote. Naye akamwambia mwenzake. Mpaka swala ya Ijumaa, kila mwanamke alijua, na kila mwanamke ana mume."

"Nyote mlijua."

"Tulijua."

"Na mkaenda Mkoe."

"Tukaenda Mkoe," alisema Bi Kazija. "Tungefanya nini?"

Leonadi mwenyewe, katika utumishi wake, alikuwa amepita kando ya visima vya namna hiyo.

"Nataka uyaseme haya barazani, bibi. Mbele ya watu."

"Halafu wewe unapanda gari unakwenda zako Lindi, mimi nalala wapi?"

"Sijui," alisema Leonadi. "Siwezi kukuahidi kitu."

"Angalau wewe husemi uongo."

Nyuma ya pazia Siti alikohoa. "Shangazi, siku ile barazani nilikuwa nimekaa na nyinyi upande wa wanawake. Alipomaliza kuuliza aligeuka, anatafuta nani atasema, hata mimi nataka kujua. Nilitazama chini. Mimi mkewe. Nimekaa humu chumbani silali, nawaza kitu kimoja: wangesimama wote, kisima kile kisingewatosha."

Bi Kazija aliinuka, akaichukua kaniki yake iliyotundikwa ukutani, akajitanda.

Baraza lilijaa mara baada ya adhuhuri. Harufu ya chokaa mpya ilikuwa bado inapanda puani. Jumbe aliketi kwenye kiti chake, Yahya nyuma yake. Leonadi hakutoa hotuba. Alisema anataka kujua jambo moja dogo, ambalo kila aliyepo analo jibu lake.

"Ijumaa asubuhi, mlichota maji wapi?"

Wanaume walitazama miguu. Jumbe aliigeuza shingo polepole, akijaribu kuelewa swali limetoka wapi na linakwenda wapi.

"Mkoe," alisema Bi Kazija.

Alikuwa amesimama peke yake upande wa wanawake, mfupi kiasi kwamba walio nyuma walilazimika kunyoosha shingo. Aliyasema yote, bila kupamba: rungu, kanzu nyeupe, kishindo. Alipofika kwenye jina la Yahya, alilitaja akimtazama usoni.

"Mama huyu mzee haoni vizuri," alisema Jumbe kwa upole.

"Na mimi nilichota Mkoe," alisema mwanamke mwingine, akainuka. Kisha wa tatu. Kisha zikawa sauti nyingi, si za kelele, za watu wanaotaja tu mahali. Mkoe. Mkoe. Hata mimi, Mkoe. Mwalimu wa chuo aliinuka kwa upande wa wanaume, akashika ndevu zake, akasema kisogo cha marehemu kilikuwa kimevunjika na yeye alikiona kwa macho yake. Bakary, aliyekuja akasimama mlangoni tu kama mpita njia, aliingia ndani.

Jumbe Maftaha alikuwa mwepesi wa kusoma upepo. "Kama kijana huyu alitenda jambo," alisema, akiinuka, "kalitenda kwa akili yake mwenyewe. Mimi sikumtuma. Sajini, mchukue."

Yahya aligeuka akamtazama mtu aliyekuwa akimtumikia tangu alipobalehe. Alimtazama kama asiyemfahamu. Halafu akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya Leonadi, kabla pingu hazijatolewa.

Jumbe hakukamatwa. Kumkamata jumbe kulitaka idhini ya Bwana Shauri, na watu wote mle barazani walilijua hilo kama alivyolijua Leonadi. Landrova ilipoondoka walikuwa bado wamesimama uwanjani, hawakutawanyika, na Jumbe alikuwa amesimama katikati yao, kwa mara ya kwanza hana tarishi.

Njiani Yahya alisema mwenyewe. Vumbi lilikuwa likiingia garini na machozi yake yakaweka michirizi juu yake.

"Nilitumwa nikamnyamazishe. Nikamuuliza Jumbe, kwa namna gani? Akasema, hilo nalo nikufundishe?"

Modesti alishika usukani kwa mikono miwili na kujifanya hasikii. Kwa Leonadi kesi ilikuwa imekamilika. Alikuwa na mtu, alikuwa na mashahidi, na alikuwa anarudi kabla ya jioni kama alivyoamriwa. Kulikuwa na swali moja tu lililobaki, na alijua kwamba jibu lake, lolote litakalokuwa, lingepanda juu ya cheo chake.

"Jumbe alipokutuma," aliuliza, "alikuwa peke yake?"

Modesti aliongeza mwendo.

"Alikuwa na Bwana Shauri," alisema Yahya. "Walikuwa wanakunywa chai, mimi ndiye niliyewamiminia. Bwana Shauri alisema, mtu yule nisimsikie tena mpaka Gavana apite. Alisema hivyo tu, akapanda gari lake. Sijui alitaka nini hasa. Jumbe alisema anajua."

"Utayasema hayo mbele ya hakimu?"

"Nitasema popote. Nimechoka kulala nayo."

Maneno ya mshitakiwa mbele ya polisi hayakuwa na uzito mahakamani. Mbele ya hakimu yalikuwa nao. Na mtu akiingizwa kituoni kwanza, Leonadi alijua, maneno yake yanaweza kupungua njiani. Walipofika mjini Lindi, penye njia panda ya sokoni, alisema, "Kata kushoto, Modesti. Twende mahakamani."

Landrova ilipunguza mwendo ikasimama. Injini ikaendelea kunguruma.

"Amri ni kituoni, afande," alisema Modesti bila kugeuka. "Bwana Mkubwa anasubiri. Mimi nina wazee Nyangamara wanaonitegemea. Usinitie katika hili."

Leonadi alimtazama shingo. Hakumlaumu. Alishuka, akazunguka nyuma, akamfungulia Yahya mlango na kumsaidia kuteremka. Akalichukua na debe lile la chokaa.

Walitembea kwa miguu katikati ya barabara, sajini na mtu wake, jua bado liko juu na soko limejaa. Wauza samaki waliacha kupunga nzi. Mshona nguo mmoja aliinua mguu wake kutoka kwenye cherehani.

"Sajini," aliita mwanamke mmoja aliyebeba kapu la nazi na mboga, "huyo kafanya nini?"

Siku nyingine Leonadi angepita bila kujibu. Raia hawakuwa na ruhusa ya kumuuliza askari jambo la kazi. Alisimama, akamgeukia.

"Kamuua mtu huko Mtomondoni," alisema kwa sauti ya kutosha soko zima. "Anakwenda kumweleza hakimu nani alimtuma. Mlango wa mahakama uko wazi, mama. Anayetaka kusikia anaruhusiwa kuingia."

Mwanamke alibaki ameduwaa na kapu lake. Kisha akaliweka chini mbele ya muuza ndizi, akamwambia amwangalizie, akafuata.